Mifuko Imehesabiwa, Nguzo Nani Kaipima?

Katika kijiji kinachojenga madarasa au zahanati kwa fosi akaunti, yaani utaratibu ambao shule au halmashauri yenyewe hununua vifaa na kukodi fundi wa eneo badala ya kumkabidhi mkandarasi kazi yote, kuna jambo moja linalofanywa kwa umakini mkubwa, nalo ni kuhesabu. Lori la saruji likifika, kamati ya mapokezi inahesabu mifuko mmoja baada ya mwingine. Nondo zinahesabiwa, mabati yanahesabiwa, hati inatiwa saini, stoo inafungwa na kila mtu anajua ufunguo uko kwa nani. Utamaduni huu ni mzuri. Umetokana na uchungu wa fedha za umma na umeokoa vingi ambavyo vingeishia pasipojulikana. Lakini siku ya kumwaga zege la nguzo, saidia fundi wakiwa wamejipanga na ndoo zao, ni nadra kumsikia mjumbe akiuliza kama maboksi ya nguzo yamesimama wima na kama yapo mahali pake. Swali hilo huachiwa fundi, na mara nyingi fundi naye huliachia jicho lake. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopoteza mali bila kuibiwa. Unyoofu wa nguzo ni mali ya umma sawasawa na mfuko wa saruji. Unapimika kwa vifaa ambavyo kila kijiji kinavyo, na ukikosekana, saruji yote iliyohesabiwa haiwezi kuurudisha.

Chukua Kiloleli, kata ya wilaya ya Busega mkoani Simiyu, katika wilaya inayopakana na Ziwa Victoria. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulianzishwa mwaka 2012 makao makuu yakiwa Bariadi, na Busega ikazaliwa kama wilaya kutoka iliyokuwa sehemu ya Magu. Mkoa mpya na wilaya mpya maana yake ni kujenga: ofisi, vituo vya afya, sekondari za kata, nyumba za watumishi. Mwaka 2021 Serikali ilipotenga fedha za mpango wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, sehemu yake ilikwenda kwenye vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, navyo vilitakiwa viwe tayari kupokea wanafunzi Januari 2022. Kazi ya miezi michache, maelfu ya maeneo kwa wakati mmoja, mafundi wa vijijini. Idadi kubwa namna hiyo haiwezi kusimamiwa na mhandisi kusimama kwenye kila shimo la msingi. Inasimamiwa na watu waliopo pale, kwa hiyo swali la wao wanajua kupima nini lina uzito kuliko tunavyolichukulia.

Tuanze na sababu, kwa kuwa watu wengi hudhani nguzo iliyopinda ni aibu ya macho tu. Nguzo ya zege hubeba vizuri sana ikibanwa kutoka juu, na mzigo ukishuka katikati yake, kila sehemu ya nguzo hubanwa kwa kiasi kilekile. Ikiegemea, mzigo unashukia pembeni ya katikati, na hapo sehemu moja inabanwa kuliko nyingine. Tufanye hesabu kwa nguzo ya upana wa milimita 230 kila upande, saizi inayotumika sana kwa kuwa inalingana na ukuta wa inchi tisa. Mzigo ukihama milimita 12 tu kutoka katikati, ukingo mmoja wa nguzo unabanwa zaidi kwa karibu asilimia 31. Ukihama milimita 38, ambayo ni sehemu moja ya sita ya upana, ukingo ule unabeba mara mbili ya ulivyotakiwa, na ukingo wa upande wa pili haubebi chochote. Ukivuka hapo, ukingo huo wa pili unaanza kuvutwa, na zege ni dhaifu mno kwa kuvutwa. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya kuhimili mbano. Kuanzia hapo kazi inakuwa ya nondo, zile ambazo zilipangwa kwa hesabu nyingine. Hatuzungumzii mnara ulioinama hadi wapita njia wakaushangaa. Milimita 38 ni mkengeuko ambao mtu aliyesimama hatua kumi kutoka kwenye nguzo anaweza asiuone kabisa.

Atakayesoma hesabu hii na ambaye amewahi kufanya kazi na wahandisi atasema mara moja kwamba mhandisi ameshaweka akiba ya usalama kwenye mchoro. Ni kweli, na pingamizi hili linastahili jibu la hesabu pia. Kanuni ya zamani ya Uingereza ya usanifu wa zege, BS 8110, ambayo wahandisi wengi wa Tanzania wamefundishwa nayo, ilimtaka msanifu achukulie kwamba mzigo hautashuka katikati kabisa, bali utahama kwa asilimia 5 ya upana wa nguzo, usizidi milimita 20. Kwa nguzo yetu ya milimita 230 hiyo ni milimita 11.5. Maana yake ni kwamba mhandisi ametusamehe takriban sentimita moja, nasi tunaigawana wote: aliyepanga msingi, aliyesimamisha boksi, aliyefunga nondo, atakayeweka boriti juu. Fundi mmoja akiimaliza yote kwa kutopima, waliobaki hawana chao. Akiba nyingine zilizomo kwenye hesabu, zile za kuongeza uzito wa mizigo na kupunguza nguvu ya zege, zina kazi zake. Ziliwekwa kwa ajili ya mchanga wenye udongo, maji yaliyozidi kwenye mchanganyiko, siku ambayo ukumbi utajaa watu kuliko ilivyotarajiwa. Kijiji kinachochanganya zege kwa koleo kinazihitaji akiba hizo zote kwa kazi hizohizo.

Viwango vya ujenzi navyo havidai ukamilifu. Kile cha Wamarekani cha mikengeuko ya kazi za zege kinaruhusu nguzo kuinama asilimia 0.3 ya kimo chake, ambayo kwa nguzo ya mita 3 ni milimita 9. Kile cha Ulaya kinakwenda hadi milimita 15 kwa nguzo fupi kama hiyo. Kwa hiyo fundi anayeambiwa asizidishe sentimita moja kwa chumba cha kawaida haonewi. Anaambiwa jambo ambalo uzi na futi ya mkononi vinaweza kulithibitisha.

Hapa niwe mwangalifu. Tunapotaja majengo yaliyoanguka, ni rahisi kuyageuza yote kuwa ushahidi wa hoja tuliyonayo. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Aprili 29, 2016 jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, na waliofariki walifikia 52. Novemba 16, 2024 ilikuwa zamu ya Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Sidai kwamba hata moja kati ya hayo lilianguka kwa sababu nguzo haikuwa wima. Majengo huanguka kwa makosa yaliyorundikana: zege hafifu, ghorofa zilizoongezwa, msingi usiofaa, usimamizi uliolala. Ndiyo sababu hasa ya kung'ang'ania makosa yanayozuilika bila fedha. Kuimarisha zege kunahitaji saruji zaidi na kokoto safi, na kuimarisha msingi kunahitaji kuchimba zaidi. Kusimamisha nguzo wima kunahitaji uzi, jiwe lenye uzito, na mtu mwenye subira.

Kosa la nguzo kwa kawaida huanza kabla nguzo yenyewe haijakuwepo, wakati wa kuseti msingi. Fundi akipima nguzo ya kwanza hadi ya pili mita 3, kisha akaanza upya kutoka ya pili hadi ya tatu, kisha kutoka ya tatu hadi ya nne, kila kosa dogo analofanya linarithiwa na nguzo inayofuata. Milimita 5 kwa kila hatua zinakuwa milimita 20 kwenye nguzo ya tano. Njia salama ni kufunga futi ndefu mahali pamoja, kwenye pembe ya jengo, na kusoma 3, 6, 9, 12 bila kuihamisha. Hapo kosa la kila nguzo ni la kwake mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kanuni ya tatu-nne-tano ambayo kila fundi anaijua kwa kutengeneza pembe mraba. Wengi huifanya kwa pembetatu ndogo, sentimita 90 kwa 120, kwa sababu ni rahisi kuishika. Lakini kosa la milimita 5 kwenye urefu wa mita 1.2 likinyooshwa hadi ukuta wa mita 12 linakuwa milimita 50. Jengo la mita 9 kwa 12 lina mshazari wa mita 15 kamili. Kwa nini usipime pembetatu kubwa hiyohiyo, ukavuta mishazari yote miwili na kuona kama inalingana, baada ya kuhakikisha kwamba kuta zinazotazamana zina urefu sawa? Watu watatu wanaimaliza kazi hiyo kabla uji haujapoa. Angalizo moja la pembeni: ncha ya futi, kile kichuma cha mwanzo, hulegea na kupinda kwa kuangushwa. Ni heri kuanza kusoma kwenye alama ya sentimita 10 na kuitoa hiyo 10 mwishoni, mradi kila anayeshika futi akumbuke kuitoa.

Simiyu ina tatizo lake ambalo vitabu vya ujenzi vya nchi za baridi havilisemi kwa mkazo, nalo ni udongo mweusi wa mbuga. Wakulima wa pamba wanaujua: kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto, masika unavimba na kushikamana na jembe. Mafundi huufikiria kama tatizo la msingi tu, na kweli ni tatizo la msingi, kwa sababu unaweza kunyanyua upande mmoja wa nyumba na kuacha mwingine. Lakini pia ni tatizo la upimaji, na upande huu hauzungumzwi. Kigingi kilichopigiliwa kwenye mbuga mwezi Septemba, udongo ukiwa umekauka na kusinyaa, hakitakuwa palepale mwezi Desemba baada ya mvua kunyesha. Udongo ukivimba unakinyanyua, unakisukuma kando, au unakilegeza hadi ng'ombe akikigusa tu kinahama. Kamba ya profaili, ile inayoonyesha mstari wa jengo, iliyofungwa kwenye kigingi hicho inahama nacho, na fundi anayeiamini anaendelea kupanga nguzo kwa uaminifu mkubwa kufuata mstari ambao haupo tena. Miradi mingi ya madarasa huangukia majira hayohayo, kwa sababu Januari lazima wanafunzi waingie, na mvua za ukanda huu huanza kati ya Oktoba na Novemba. Msingi unapangwa kwenye udongo mkavu, nguzo zinasimamishwa kwenye udongo uliolowa.

Dawa yake ni kuwa na alama mama isiyotegemea udongo wa juu. Palipo na jiwe la granaiti lililojitokeza ardhini, na Usukumani mawe hayo si haba, alama ya msumari wa zege au ya patasi kwenye jiwe hilo itadumu kuliko jengo. Pasipo na jiwe, ukuta wa jengo la zamani lililokwisha kutulia unafaa, au kipande cha nondo kilichozamishwa kwenye zege ndani ya shimo lililochimbwa hadi kwenye udongo mgumu ulio chini ya mbuga. Alama mbili ni bora kuliko moja, kwa sababu moja ikihama huwezi kujua, lakini mbili zikiacha kukubaliana unajua mara moja. Kutoka kwenye alama hiyo fundi huhamisha kimo kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji na kunyooshwa kutoka nguzo hadi nguzo. Maji kwenye ncha mbili hukaa kimo kimoja hata kama katikati kuna kona na mashimo. Kinachouharibu ni kipovu cha hewa kilichonaswa ndani, na tiba yake ni kuziweka ncha zote mbili pamoja kwanza, kuona kama maji yanalingana, ndipo mmoja aondoke na ncha yake. Mafundi wazuri hufanya hivi bila kuambiwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayewatofautisha na wasiofanya.

Sasa boksi la nguzo limesimamishwa, mbao nne zimefungwa kuzizunguka nondo, na mirunda imeliegemea kutoka pande zote. Hapa timazi ndilo lenye kauli ya mwisho. Msumari unapigiliwa juu ya boksi, uzi unashuka umbali wa milimita 50 kutoka kwenye uso wa ubao, na jiwe la timazi linaachwa lining'inie bila kugusa chini. Anayepima anasubiri litulie, kisha anapima nafasi kati ya uzi na ubao chini: ikiwa ni 50 kama juu, uso huo uko wima, ikiwa ni 58, juu ya boksi kumeegemea milimita 8 upande wa uzi. Halafu anahamia uso wa pembeni yake na kurudia, kwa kuwa nguzo inaweza kuwa wima ukiitazama kutoka barabarani na ikawa imeinama ukiitazama kutoka shuleni. Kupima uso mmoja na kuridhika ndilo kosa linaloonekana mara nyingi zaidi. Katika wilaya za kando ya ziwa kuna pia upepo: mchana nchi kavu ikipata joto kuliko maji, hewa hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na timazi la uzi mrefu haliachi kuyumba. Mafundi wana suluhisho la kupendeza, kuzamisha jiwe la timazi ndani ya ndoo ya maji. Maji yanakula mwendo wake, uzi unatulia. Au kazi ifanywe asubuhi.

Wengi hutumia pimamaji badala ya timazi kwa sababu ni ya haraka, nami sina ugomvi nayo ikiwa inajulikana afya yake. Pimamaji ya sentimita 60 inayokosea milimita 2 itakupa kosa la sentimita nzima kwenye nguzo ya mita 3. Mkulima wa Simiyu anaijua hatari hii kupitia mzani wa pamba: mzani uliopotoka hauibi mara moja tu, unaiba kila gunia linapopandishwa. Pimamaji iliyopotoka nayo inainamisha nguzo zote upande mmoja, na kwa kuwa zote zimeinama sawasawa, hakuna inayoonekana kuwa ngeni mbele ya wenzake. Kuijaribu ni kazi ndogo. Iweke ukutani, soma kipovu, igeuze mwisho kuwa mwanzo, iweke palepale usome tena. Kipovu kikirudi mahali tofauti, chombo hicho ni kibovu, hata kama ni kipya na kimenunuliwa Mwanza kwa bei kubwa.

Hata boksi likiwa wima kabla ya zege, halijahakikishiwa kuwa wima baada yake. Zege bichi lina uzito wa takriban tani 2.4 kwa mita ya ujazo, na kabla halijashika husukuma mbao kama maji yanavyosukuma ukuta wa tanki. Kwa nguzo ya mita 3 na upana wa milimita 230, likijazwa lote kwa mkupuo, kila uso wa boksi unasukumwa kwa nguvu inayokaribia tani 2 na nusu. Nguvu za pande mbili zinazotazamana hulingana, lakini mbao, misumari na mirunda havilingani. Mrunda mmoja ukiwa umekita kwenye mbuga iliyolowa, mguu wake unateleza, na boksi zima linaufuata taratibu bila kelele. Ndiyo maana zege humwagwa kwa matabaka na timazi haliondolewi: linaangaliwa nguzo ikifika nusu, linaangaliwa ikijaa, na linaangaliwa tena muda mfupi baadaye kabla zege halijaanza kushika, wakati ambapo kulirudisha boksi mahali pake bado ni kusukuma mrunda na kukaza kabari. Kesho yake ni tindo na nyundo. Na kuna upinde mwingine usioonekana kabisa, ule wa ndani. Kitanda cha nondo kikiegemea ubao mmoja kwa sababu hakuna vipande vya saruji vya kukitenganisha nao, nguzo itatoka wima kwa nje huku chuma chake kikiwa upande mmoja. Plasta itapigwa, rangi itapakwa, na miaka michache baadaye kutu itaanza upande ule ambao chuma kilikuwa karibu na hewa.

Lipo pingamizi la heshima zaidi kuliko yote, la wanaosema mafundi wenye uzoefu hawahitaji kukaguliwa, kwamba babu zetu walijenga bila makaratasi na kazi zao zinasimama. Uzoefu una thamani, nami naamini fundi mzuri huhisi nguzo iliyoinama kabla ya kuipima. Lakini ushahidi wa kale hausemi kwamba walijenga kwa kukisia. Safu za nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, hazikupangika kwa bahati. Na hata hivyo sehemu iliyoongezwa mapema karne ya 14, yenye nguzo za matumbawe, iliporomoka na kujengwa upya kwa nguzo za namna nyingine katika karne ya 15. Waliojenga pale hawakuwa wazembe. Walijifunza kutokana na kuanguka, kwa gharama ambayo shule ya kata haiwezi kuimudu. Jicho nalo lina udhaifu wa asili: hulinganisha kitu na jirani yake. Kwenye eneo lenye mteremko, au kando ya ukuta uliokwisha kupinda, jicho la fundi bora kabisa hudanganywa na mazingira, nalo timazi halijui mteremko wala ukuta.

Kuna pia wanaosema tusubiri vyombo vya kisasa, mashine za leza na zile darubini za wapima ardhi. Kwa ghorofa nyingi vyombo hivyo ni vya lazima, kwa kuwa uzi wa mita 40 hautulii na kila ghorofa lazima ipimwe kutoka kwenye alama za chini badala ya kutoka kwenye nguzo ya ghorofa iliyotangulia. Lakini leza nayo huanguka, hupotoka, hutaka kuhakikiwa, na kwa nguzo ya mita 3 haisemi kitu ambacho uzi hausemi. Kuisubiri ni kuahirisha tu.

Wanaosema darasa la chini haliathiriki sana wana sehemu ya ukweli. Paa la bati ni jepesi, kuta zenyewe hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na nguzo ya veranda iliyoinama sentimita mbili haitaangusha shule kesho. Nakubali. Lakini ni fundi huyohuyo na saidia fundi haohao watakaoitwa Bariadi au Lamadi kujenga nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara, na tabia waliyoizoea kwenye darasa ndiyo watakayokwenda nayo. Halafu ukanda wa ziwa umeshaona kwamba mizigo haitoki juu peke yake: Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ardhi ikisukuma kwa ubavu, jengo lililokwisha kuegemea limeshatumia sehemu ya ustahimilivu wake.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza kwenye mradi unaofuata. Kamati ya ujenzi ya kijiji, ambayo tayari ipo kwenye utaratibu wa fosi akaunti, ipewe daftari la nguzo kama kamati ya mapokezi ilivyo na daftari la saruji. Kila nguzo iwe na namba. Mbele ya namba viandikwe vipimo vinne: umbali wake kutoka pembe ya jengo ilipofungwa futi, kwa urefu na kwa upana, na mwinamo wake kwenye nyuso mbili. Wajumbe wawili wasiokuwa mafundi washike uzi na futi wao wenyewe, fundi akiwa pembeni, na zege lisimwagwe hadi mkengeuko wa kila kipimo uwe chini ya sentimita moja na saini ziwe zimewekwa. Itasemwa kwamba hii itachelewesha kazi. Nguzo moja huchukua dakika chache, na jengo la madarasa mawili lina nguzo zinazopimika asubuhi moja, tena zege halichanganywi hadi vipimo viishe, kwa hiyo hakuna mfuko unaoganda ukisubiri. Itasemwa pia kwamba wanakijiji hawana utaalamu. Mwanamke anayeweza kuhesabu mifuko 200 na kugundua kwamba mmoja umepungua anaweza kusoma milimita 58 mahali palipotakiwa kuwa 50. Mhandisi wa halmashauri, ambaye ana miradi mingi na gari moja, akifika atakuta takwimu za kukagua badala ya maneno ya kuamini.

Daftari hilo lisiishie kwenye kabati la mtendaji. Likabidhiwe kwa mwalimu mkuu pamoja na funguo za madarasa, na vipimo vya mwinamo virudiwe mara mbili katika mwaka wa kwanza: mwishoni mwa mvua, mwezi Mei, mbuga ikiwa imevimba, na mwishoni mwa kiangazi, mwezi Septemba, ikiwa imesinyaa. Ufa ukijitokeza juu ya dirisha, hakutakuwa na haja ya kubishana kati ya fundi anayelaumu udongo na kijiji kinachomlaumu fundi. Nguzo namba 7 iliyoandikwa milimita 4 siku ya zege, na sasa inasoma 4 vilevile, inaonyesha kwamba nguzo haijaegemea zaidi, na kutuelekeza tuanze kutafuta chanzo kwenye linta au kwenye paa. Ikiwa inasoma 15, yaelekea msingi umetembea, na fedha za ukarabati zielekezwe kwenye kuyatoa maji ya mvua mbali na kuta, kabla mtu hajanunua mfuko mmoja wa saruji wa kuzibia ufa.